Mbio Zinapolala: Kuhariri Video za Mwendo wa Polepole

Video ya mwendo wa polepole humdanganya kwanza yule aliyeipiga. Anaporudi nyumbani na kuitazama peke yake kwenye simu, kila kipande humvutia: tone la maji limening'inia hewani, kanzu inapepea bila haraka, jicho la kijana linafumba na kufumbua kana kwamba lina siku nzima. Kikitazamwa peke yake, kila kipande ni kizuri. Tabu huanza pale vipande ishirini vya namna hiyo vinapofuatana, vikawekewa muziki mmoja mwanzo hadi mwisho, na mtazamaji akaanza kutazama pembeni kabla ya dakika ya kwanza kwisha. Hapa Lamu vitu vinavyomwita mtu apige video ya aina hii ni vingi, na kwa sababu hiyo hiyo tunazo montaji nyingi, yaani video zilizoungwa kwa vipande vingi, zinazochosha. Mimi huhariri kazi za arusi, za mashindano na za watalii, na nililojifunza mezani ni kwamba upole, yaani mwendo wa polepole, hauonekani mpaka uwekwe kando ya mwendo wa kawaida. Kwa hiyo kazi kubwa ya mhariri ni kuamua kitu gani kinastahili kupunguzwa mwendo, na kuvinyima vingine vyote heshima hiyo.

Jioni moja, barazani huku Mkomani, kijana wa mtaani alituonyesha montaji yake ya mashindano ya mashua. Alikuwa amezipiga kwa simu kutoka kwenye boti iliyowafuata washindani hadi upande wa Ras Kitau, na vipande vyote, kuanzia cha kwanza mpaka cha mwisho, alikuwa amevipunguza mwendo. Matanga yalijaa taratibu, mapovu yalipanda taratibu, mabaharia waliinama taratibu. Miongoni mwetu alikuwepo mzee aliyeshika usukani tangu ujana wake, akaitazama video ile mpaka mwisho kwa adabu, kisha akauliza, "Mwanangu, hizi ni mbio au vyombo vimekosa upepo?" Kijana akacheka na kumjibu, "Ami, hiyo ndiyo staili ya siku hizi." Mzee akasema yeye hana ugomvi na staili, ila kile chombo kilichoshinda kilikwenda kasi ya kutisha siku ile, na kasi hiyo hakuiona mahali popote katika video.

Mzee yule hajawahi kuhariri hata sekunde moja, lakini alikuwa amegusa kiini cha jambo. Habari ya mashindano ni kasi, na video iliyopunguzwa mwendo wote huwa imeiondoa habari yenyewe ikabakiza mapambo yake. Sergei Eisenstein, mwongozaji wa filamu wa Kisovieti aliyeandika sana juu ya uhariri tangu miaka ya 1920, alishikilia kwamba vipande viwili vinapogongana huzaa maana ambayo haimo katika kipande chochote kikiwa peke yake. Nikiichukua hoja hiyo na kuileta kwenye mwendo, nasema kwamba kipande cha polepole kinahitaji kitu cha kugongana nacho. Kikifuatwa na kingine cha polepole, hakuna mgongano. Kuna usingizi tu.

Kabla ya kuzungumzia uchaguzi ni vyema tuimalize hesabu, maana wengi huharibikiwa hapo. Kamera hupiga fremu (picha moja moja zinazounda video) nyingi kwa sekunde kuliko zile zitakazoonyeshwa kwa sekunde, na tofauti hiyo ndiyo huzaa upole. August Musger, kasisi na mwanafizikia wa Austria, alisajili hataza ya mbinu yake ya mwendo wa polepole mwaka 1904, na katika zama za kamera za kuzungushwa kwa mkono mpigapicha alihitaji tu kuuongeza mwendo wa mkono wake. Leo simu nyingi hupiga fremu 120 au 240 kwa sekunde kwa kuguswa mara moja. Ukionyesha video ya fremu 120 katika mradi wa fremu 24, yaani kazi ya kuhariri inayoonyeshwa kwa fremu 24 kwa sekunde, mwendo hupungua mara 5, na sekunde 10 za mbio huwa sekunde 50. Katika mradi wa fremu 30 hupungua mara 4. Hesabu zote mbili zinagawanyika bila baki, na ndiyo maana kwa video za simu huchagua mojawapo kati ya hizo mbili. Katika mradi wa fremu 25 mambo hubadilika: ukiandika kwamba unataka asilimia 25 ya mwendo, unabaki na fremu 30 za kuingiza katika nafasi 25, programu inatupa moja katika kila sita, na chombo kinachoteleza kwenye maji kinakuwa na kigugumizi ambacho mtazamaji hawezi kukitaja jina lakini anakihisi. Vilevile, simu haishiki idadi ya fremu kwa uthabiti kama ifanyavyo kamera kubwa, kwa hiyo ni vyema kuzigeuza video zake ziwe na idadi moja ya fremu kabla ya kuanza kazi, hasa kama sauti imerekodiwa kwa chombo kingine.

Upo pia upole wa bandia. Baadhi ya vipande vya kijana wetu vilikuwa vimepigwa kwa fremu 30 za kawaida, kisha akaviburuta ndani ya programu mpaka vikawa robo ya mwendo wake. Programu ikilazimishwa hivyo ina njia mbili: kuirudia kila fremu mara nne, na hapo picha huruka, au kubuni fremu za katikati kwa kukisia kila kitu kilikuwa kinaelekea wapi. Programu za sasa hukisia vizuri pale kitu kimoja kinapopita mbele ya ukuta mtupu. Mashua, kwa bahati mbaya, ni kila kitu zinachokichukia programu hizo: kamba zinazopishana mbele ya tanga, mikono inayojitokeza na kupotea nyuma ya mlingoti, na marasharasha ya maji yasiyo na umbo la kufuatwa. Kamba huyeyuka, ukingo wa tanga hutetemeka, na vidole vya baharia huungana kwa muda mfupi na ubao alioushika. Kipande cha namna hii kiachwe katika mwendo wake wa kawaida, nacho kitafaa sana, kwa kuwa vipande vya mwendo wa kawaida ndivyo vinavyokosekana.

Sasa tuje kwenye uchaguzi, ambako ndiko muda wangu mwingi unakokwenda. Mwaka 1878, huko Palo Alto katika jimbo la California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kandokando ya njia ya farasi, akaonyesha kwamba farasi anayekimbia hufikia wakati ambapo kwato zake zote nne zimeiacha ardhi, na kwamba wakati huo miguu yake huwa imekusanyika chini ya tumbo, si kunyooshwa mbele na nyuma kama walivyozoea wachoraji. Jicho la mwanadamu lilikuwa limewatazama farasi kwa maelfu ya miaka bila kuliona jambo hilo kwa uhakika. Kipimo changu kimetoka hapo. Nikipewa kipande chochote najiuliza: je, kukipunguza mwendo kunaonyesha kitu ambacho mtu aliyesimama pale pale hakuweza kukiona? Kama jibu ni hapana, hakipunguzwi, hata kiwe na mwanga wa jua la magharibi namna gani.

Kwa kipimo hiki, mashua inayokwenda moja kwa moja haifaulu. Tanga limejaa, chombo kimelala upande, mabaharia wametulia mahali pao. Ukipunguza mwendo hupati kipya, unapata kile kile kwa muda mrefu zaidi. Mashua inayozunguka boya ni habari nyingine kabisa. Nahodha anapoamuru chombo kigeuzwe, mambo hutokea kwa pamoja na kwa haraka kiasi kwamba hata mtazamaji mzoefu wa ufukweni huona vurugu tu: demani, kamba inayolishika tanga, inaachiwa, tanga linapoteza upepo na kuanza kupigapiga, foromali, ule mti unaobeba tanga, inasimamishwa karibu na mlingoti ili ipitishwe upande wa pili, viroba vya mchanga vinahamishwa kutoka mkono hadi mkono ili uzito ufuate upepo, na yule aliyekuwa amekaa kwenye ubao uliotokeza nje ya chombo anarudi ndani kwa kasi, kwa sababu upande aliokuwa akiuzuia usiinuke sasa ndio utakaolala.

Kwa tukio hilo nilimwonyesha kijana namna ambavyo ningelikata. Chombo kinakaribia boya katika mwendo wa kawaida, na sauti za mabaharia zinasikika kama zilivyokuwa, kwa fujo zake zote. Mwendo unapungua pale tanga linapopoteza upepo, si kabla. Ndani ya upole huo nilichukua vipande vitatu tu: mkono unaoiachia kamba, na nyuzi zinazorusha maji zinapopita kiganjani, kiroba cha mchanga kikiwa hewani kati ya mtu na mtu, mmoja ameshakiachia na mwingine hajakishika, na tanga likianza kujaa upya, kwanza kwa kikunjo kimoja karibu na foromali, kisha kikunjo hicho kikashuka na kufutika. Kipande hiki cha tatu kinakatwa kabla tanga halijajaa lote. Kinachofuata ni chombo kile kile katika mwendo wa kawaida, kimelala, kinakata maji, na hapo ndipo mtazamaji anapoihisi kasi, kwa kuwa ametolewa ghafla mahali ambapo muda ulikuwa umenyooshwa.

Urefu wa vipande hivyo uliwashangaza waliokuwepo. Mgeuko ambao ulichukua sekunde 12 baharini huwa karibu dakika nzima ukipunguzwa mara 4 au 5, na mtu aliyeupiga kwa tabu, akiwa ameloa na boti inamrusha, huona uchungu kuutupa. Mimi nilibakisha sekunde mbili au tatu kwa kila kipande. Katika mwendo wa polepole kila tendo lina mkia mrefu mbele na nyuma. Mkono huchukua muda kuifikia kamba na muda kuondoka. Mikia hiyo ndiyo inayolaza watu. Kata mpaka kilele cha tendo kikaribie mwanzo wa kipande, na uondoke kabla tendo halijatulia.

Mwelekeo nao una sheria yake. Chombo kinachokwenda kutoka kushoto kwenda kulia kiendelee kwenda kulia katika kila kipande mpaka mtazamaji amekiona kikigeuka. Ukichanganya vipande vya kabla ya boya na vya baada ya boya bila kuuonyesha mgeuko wenyewe, mashua moja itaonekana kuwa mbili zinazotaka kugongana. Katika mwendo wa kawaida jicho husamehe kosa hili kwa sababu ya haraka. Katika upole halisamehe, maana lina muda wa kutosha kushangaa.

Watoto wanaojirusha majini kutoka gatini hufundisha jambo jingine, nalo ni kubadili mwendo ndani ya kipande kimoja. Mtoto akimbie katika mwendo wake halisi, nyayo zake zisikike kwenye saruji. Mwendo upungue anapoinuka, ufike chini kabisa pale mwili unapoacha kupanda na bado haujaanza kushuka. Kisha urudi kuwa wa kawaida kabla hajayagusa maji. Wengi huurudisha baada ya maji kuruka, na hivyo kuupoteza mshindo. Ukiurudisha kabla, maji hupasuka kwa kasi yake na kwa sauti yake, na mtazamaji hushtuka kidogo. Mabadiliko haya yafanywe kwa mteremko laini, si kwa ngazi, na yasitumiwe zaidi ya mara moja au mbili katika montaji nzima. Mhariri aliyeigundua mbinu hii wiki iliyopita hujulikana kutoka mbali.

Yapo pia mambo ambayo yameshapunguzwa mwendo na wenyewe. Goma, ngoma ile ambayo wanaume wa Lamu husimama safu na fimbo zao na kuyumba kwa pamoja kwa utulivu, ni sanaa ya upole tangu asili. Anayeipunguza zaidi huvunja kile walichokikusudia wachezaji: mlingano wa mabega, mapigo na fimbo. Nimeona video kadhaa za Maulidi ambamo Goma imeburutwa mpaka ikafanana na watu waliochoka, ilhali mbio za punda za ufukweni, zilizomo katika video hiyo hiyo, zimeachwa zipite kwa sekunde chache bila kuguswa. Mimi ningefanya kinyume. Goma ibaki kama ilivyo, katika kipande kirefu kisichokatwa, na punda ndio wapunguzwe. Tena si kwato zao, ambazo zina nguvu zaidi katika mwendo halisi, bali nyuso za wale vijana waliopanda, kwa sababu uso wa mtu anayejitahidi asianguke hupita haraka mno kwa jicho kuusoma.

Sauti ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu inayosahauliwa. Sauti ikipunguzwa mwendo mara 4 hushuka oktavo mbili kamili, na mtoto anayeshangilia hunguruma kama dude. Ndiyo maana wengi huizima yote na kumwaga muziki juu yake. Mimi hufanya hivi: nirudipo na simu yangu mahali pale pale, hurekodi sauti peke yake kwa dakika chache, bila kujali picha. Maji kwenye ubavu wa chombo, kitambaa cha tanga kikipigapiga, watu wa gatini, punda akilia kwenye uchochoro. Kisha huziweka sauti hizo katika mwendo wake halisi chini ya picha ya polepole. Inaonekana kinyume cha akili, lakini ubongo haulalamiki. Unakubali kwamba picha imenyooshwa na dunia inaendelea. Wakati mwingine sauti ya kipande kinachofuata huanza kusikika nusu sekunde kabla ya picha yake, na kata ambayo ingeonekana ya ghafla huwa laini. Mara nyingine, kwenye kilele, huondoa sauti zote. Kimya cha sekunde moja kabla ya mshindo hufanya kazi kuliko ala yoyote.

Muziki ukihitajika, uhesabiwe kabla ya kukata. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo kila nusu sekunde, yaani kila fremu 12 katika mradi wa fremu 24, na kata zote zinaweza kuangukia pigo bila kubahatisha. Lakini zikiangukia zote, montaji huwa kama saa ya ukutani. Kata ya tendo kubwa iangukie pigo. Nyingine ziachwe zitangulie au zichelewe. Na hapa nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi: kasida na matwari ya Maulidi si muziki wa kuwekwa chini ya tangazo la hoteli, hata kama mapigo yake yanalingana na picha kwa namna ya ajabu. Ngoma za arusi zipo, na vijana wanaoweza kupiga mapigo mapya kwa ombi wapo.

Taa za usiku zina adabu yake ya peke yake. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde bila jicho kujua. Kamera inayopiga fremu 120 hulijua jambo hilo vizuri, na picha hutoka ikiwakawaka au ikiwa na mistari inayotambaa. Penye kamera inayoruhusu fremu 100, piga hizo, na uiache shata, kile kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, wazi kwa 1/100 ya sekunde, ili kila fremu ipate mzunguko mmoja kamili wa taa. Kwa simu isiyoruhusu chaguo hilo, ni afadhali usiku kupiga kwa mwendo wa kawaida na kuuacha upole kwa ajili ya mchana. Mchana wa Lamu unatosha na kubaki: kila fremu ya kasi hupata mwanga kidogo, lakini jua la saa sita juu ya maji na mchanga huruhusu hata 1/1000 ya sekunde, na marasharasha hutoka yakiwa punje moja moja. Ubaya ni kwamba matanga na kanzu huungua na kuwa weupe mtupu, kwa hiyo pima mwanga kwenye tanga, si kwenye uso wa maji.

Jambo la nyuso nililiweka mwisho nilipokuwa nikimweleza yule kijana, na ndilo tulilolizungumza zaidi. Mtu aliyepita kwenye video ya kawaida kwa nusu sekunde ni mpita njia. Ukimpunguza mwendo mara 5 umemfanya kuwa mhusika, na kila mtu mtaani atamtambua. Mama aliyekuwa akipita kwenye kona na buibui lake likapeperuka, mzee aliyejikwaa wakati punda walipopita, msichana aliyecheka mdomo wazi ufukweni: hao hawakukubali kukaa machoni pa watu kwa sekunde tatu nzima. Katika arusi zetu, ukumbi wa wanawake hauingizwi kamera ila kwa ruhusa ya wenyewe, na simu mara nyingi huachwa mlangoni. Mhariri anayepewa kazi ya humo huikabidhi familia faili zote na habaki na nakala. Kijana aliuliza kama inatosha kuuziba uso kwa ukungu. Nilimjibu kwamba katika upole ukungu huvuta jicho kuliko uso wenyewe, na kwamba kipande kama hicho kinatoka, ama anayehusika anaulizwa. Alikwenda kuuliza. Wawili walikubali, mmoja akakataa, na aliyekataa akaondolewa.

Montaji ilipokwisha ilikuwa imepungua kutoka dakika nne na kitu hadi dakika moja na nusu, na sehemu ya polepole ndani yake haifiki theluthi. Ikabaki kuituma. Vyombo vya ujumbe huminya video, na kitu cha kwanza kufa katika kuminywa ni marasharasha, kwa sababu kila punje ya maji hubadilika kutoka fremu hadi fremu na hakuna kinachojirudia cha kuokoa nafasi. Maji yaliyochukua asubuhi nzima kupigwa hugeuka vigae vya kijivu. Kwenye WhatsApp itumwe kama hati, si kama video. Faili litakuwa zito na wenye bando dogo watanung'unika, lakini litafika kama lilivyotoka mezani.